Sura ya Thelathini na Moja: Kikohozi Kizingitini

Machano alikufa adhuhuri, na kwa desturi ya mji ule jua likasimama utosini kumngojea agawike.

Msiulize ni mji gani. Ukiutafuta kwenye ramani utaukuta pale ramani ilipokunjwa, kwenye ule mkunjo uliochakaa mpaka karatasi ikatoboka, na ndiyo maana wasafiri wote huupita bila kujua kwamba wamepita mahali. Wenyeji hawakuwa na jina la mji wao. Walikuwa na hesabu, na hesabu ikawatosha. Mitaa waliiita kwa idadi ya milango: Mtaa wa Milango Miwili, wa Mitatu, wa Sita, wa Saba, wa Tisa, wa Kumi na Mmoja, wa Thelathini na Mmoja, hadi ule mtaa mrefu wa milango mia tatu thelathini na mmoja, ambao mtoto akitumwa chumvi mwanzoni mwake hurudi na mvi. Mtaa wa milango mitano haukuwepo. Wala wa minne, wala wa minane. Ukimwuliza mtu kwa nini, alikutazama kana kwamba umemwuliza kwa nini goti halioti ndevu.

Katika mji ule maiti hainuliki. Mtu awe mwembamba kama ufito, akishakata roho wanaume ishirini hawamsogezi hata upana wa kucha. Uzito wenyewe si wa nyama, ni wa watu waliomo ndani yake. Kwani kila mtu ana wazazi wawili, na wazazi wana wazazi wanne, nyuma yao wanane, nyuma yao kumi na sita, kila hatua inazaa maradufu ya iliyotangulia, mpaka kizazi cha thelathini huko nyuma, ambako hata mizimu haiitani kwa majina. Wote hao wamo ndani ya mtu, wamebanana kama nguo sandukuni, na siku akifa hulala kitandani kwa pamoja. (Mjuaji mmoja aliwahi kudai kwamba mababu wengine wanahesabiwa mara mbili, maana mabinamu huoana. Akajibiwa kwamba mababu wenyewe hawajalalamika.) Ndipo huja Mgawaji, akasimama mlangoni na kuita hesabu ya marehemu kwa sauti inayofika hadi visimani:

"Bilioni mbili, milioni mia moja arobaini na saba, elfu mia nne themanini na tatu, mia sita arobaini na sita!"

Ilikuwa hesabu hiyo hiyo kwa kila maiti, tajiri na fukara, kikongwe na kichanga, na hiyo ndiyo haki pekee ambayo mji ule ulijivunia. Baada ya hapo kila mlango wa mtaa ulinyoosha viganja na kupokea fungu lake, mafungu yote sawa, kila fungu jepesi kama kubeba paka mchanga. Maiti akawa mwepesi kama kapu tupu, akazikwa na watu wawili huku wanapiga soga. Mgawaji akatamka, "Baki hakuna," na watu wakaitika, "Hakuna," jua likaendelea na safari yake, na kila mmoja akaenda kula. Kufika kesho yake, hakuna aliyeikumbuka sauti ya aliyekufa. Walikumbuka paji la uso lililokuwa la bibi yake, mwendo uliokuwa wa mjomba, meno yaliyokuwa ya ukoo mzima. Sauti, hapana. Nao wakaona ndivyo kufa kulivyo.

Mji ulikuwa na mfagiaji wa maiti mmoja tu, na huyo alikuwa Sikudhani, mke wa Machano. Kabla Mgawaji hajafika kwenye msiba, Sikudhani aliingia chumbani na ufagio wake wa chelewa, akafagia chini ya kitanda kutoka kichwani mpaka miguuni, kutoka miguuni mpaka kizingitini, akazoa vumbi kwenye kikapu chenye kifuniko na kwenda kulimimina mtungini, nyumbani kwa Bwana Ngunguti, Mgawaji. Aliambiwa kwamba ni vumbi la mauti, likiachwa linaleta mafua. Hakuhoji. Lakini kulikuwa na siku vumbi lile, likiwa kikapuni, liliguna, au lilicheka kidogo, au lilianza wimbo na kuukatiza njiani, naye akajiambia kuwa ni chelewa zinakwaruza kikapu.

Sasa sikilizeni lilipofanyika kosa. Wafagiaji wote wa zamani walichaguliwa miongoni mwa watu wasio na ndugu hata mmoja, na ofisi ya Mgawaji haikupata kueleza sababu. Ilifuata tu, kama ofisi zinavyofuata. Sikudhani naye alichaguliwa kwa uyatima wake. Hakuna aliyewaza kwamba yatima anaweza kupendwa. Machano alikuja kupaka chokaa ukumbi wa Mgawaji, akamkuta binti anafagia, akamwambia, "Wewe unatoa vumbi na mimi naleta vumbi, tutafutiane kazi mpaka lini?" Wakaoana. Na zilikuwepo desturi mbili ambazo tangu enzi na enzi zilikaa mbali mbali bila kugombana: kwamba mfiwa hashiki ufagio mpaka maiti wake azikwe, na kwamba ufagio wa maiti haushikwi na mkono usio wa mfagiaji, ukishikwa mkono hunyauka. Desturi hizo mbili zilikuja kukutana kwa mara ya kwanza kitandani kwa Machano, na zikagongana vichwa.

Hivyo Machano hakufagiliwa.

Bwana Ngunguti alifika amevaa koti zito la sufu katika jua lile lililogoma, mtu mrefu mwenye shingo ya kuchungulia. Alitazama sakafu. Alimtazama Sikudhani aliyekaa pembeni ya kitanda na kanga imemfunika kichwa, mikono mitupu mapajani. Akafungua kinywa kana kwamba atasema neno, akalimeza. Labda alidhani mara moja tu haitadhuru. Akatoka mlangoni, akaita hesabu, na milango saba ya mtaa ikanyoosha viganja. Fungu la kwanza likaenda, la pili, hadi la saba, yote sawa sawa kama vipande vya halua vilivyokatwa na bahili. Ngunguti akavuta pumzi.

"Baki..."

Kitu kikakohoa kizingitini.

Kilikuwa kikohozi cha sehemu mbili, ya kwanza kavu, ya pili laini kama mtu anayeomba radhi. Mtaa mzima ulikijua. Ni kikohozi cha miaka ya chokaa.

"Shoga," alinong'ona Mashavu, jirani wa mlango wa pili, mwanamke mnene asiyeweza kukaa na neno. "Mumeo kakohoa."

"Nimesikia."

"Lakini amekufa."

"Hilo pia nimelisikia, Mashavu."

Kizingitini hapakuonekana mtu. Palikuwa na moja tu. Sijui niseme vipi. Mahali palipokuwa na moja, kama vile kiti kilichoachwa sasa hivi kinavyokuwa bado na mtu. Na kwa kuwa sheria haikubali baki, mafungu saba yakarudishwa yote kitandani, kitanda kikalia.

Mzee Pandu wa mlango wa saba alikuwa mtu wa suluhisho. "Tuongeze mlango," alisema. "Banda langu la mbuzi lina mlango mzuri kuliko wa nyumba. Tugawe kwa minane, huyo mmoja apate pa kwenda."

"Maiti agawiwe mbuzi?" Mashavu akashika kiuno. "Pandu, na akili zako utazikwa nazo au utaziacha kwa banda?"

"Una wazo lingine, mwanamke?"

Hawakuwa nalo. Wakagawa kwa minane. Kizingitini wakakohoa saba, kwa zamu, kila mmoja akimwomba mwenzake radhi. Mbuzi wakavunja kamba. Wakaliacha banda, wakaziba mlango mmoja wa mtaa kwa jamvi ili wagawe kwa sita: akakohoa mmoja. Wakaziba wa pili, ikawa mitano, mgawanyo ambao mji ule haujapata kuuona: wakakohoa wawili. Ndipo wakaamua kumpeleka mitaa ya watu, si yeye mwenyewe bali hesabu yake, kama unavyopeleka posa. Mtaa wa Milango Miwili ukampokea, akabaki mmoja. Wa Mitatu, mmoja. Wa Tisa, mmoja. Wa Kumi na Mmoja, mmoja. Wa Thelathini na Mmoja, mmoja. Hata ule mtaa mrefu ambako fungu linafika mwisho likiwa limezeeka, walipomaliza na kufuta jasho, kule walikoanzia, mtaa wa saba, kwenye kizingiti cha nyumba iliyopakwa chokaa, kikasikika: kavu, halafu laini.

Na jua limesimama.

Mchana usioisha si jambo la kusimulia. Ng'ombe walikamuliwa mpaka wakatoa maji. Vibarua hawakuweza kutoka kazini kwa kuwa jioni haikufika, na matajiri wao hawakuweza kuacha kuwasimamia. Watoto waliota ndevu kwa kukosa kulala, au ndivyo walivyodai walipotaka kuruhusiwa kuvuta tumbaku. Watu wakaanza kupita mbele ya nyumba ya Sikudhani na kusema kwa sauti ya kusikika.

"Hata chokaa inajua kushika ukutani na kukaa, yeye kugawika hajui!"

"Alizoea kukaa juu ya ngazi, huyo. Anatudharau mpaka leo."

"Mwambieni mkewe amsukume kidogo."

Mwisho wakaja mafundi wa udongo. Walichimba, wakamwaga maji, wakaanza kukanyaga. Sikudhani hakuhitaji kuelezwa. Maiti aliyeshindikana kugawika hukandikwa ndani ya nyumba yake, mlango na madirisha, nyumba ikawa donge, na jina lake hupewa shimo la taka. Halijapata kutokea, lakini sheria yake ilikuwepo, imekaa tayari miaka yote kama panga juu ya dari. Aliisikia ile miguu ikikanyaga tope, chapa, chapa, chapa, akamtazama mumewe aliyelala na kidevu juu, na chokaa bado ukuchani.

Akawaza, kama mtu anayefunua vyungu kimoja kimoja na kuvikuta vitupu:

Wakimkandika, sitamwona. Wakimgawa, sitamsikia. Mama yangu nilipokea fungu lake nikiwa na viganja vya mtoto. Nina paji lake. Nina vidole vyake, navyo si vyake, ni vya mama yake, na vya mama wa mama yake. Nina miguu ya watu thelathini waliofuatana. Na yeye je? Aliniitaje jioni, kwa sauti nene au nyembamba? Aliniita kweli? Nimembeba kila mtu aliyempitia. Yeye mwenyewe hayumo. Nilibeba nyumba nikamwacha mwenyeji. Nani aliyemwacha nje? Nani?

Na wakati alipokuwa anawaza hivyo alikuwa pia mtoto yule aliyenyoosha viganja, na alikuwa pia kikongwe atakayekuja kulala kitandani hapo hapo, kwa maana katika mchana uliosimama umri nao hukosa pa kwenda, ukazunguka chumbani kama nzi. Mara ilikuwa ni yeye aliyekufa na Machano amekaa pembeni. Mara hapakuwa na aliyekufa, ni siku ya kawaida, ametoka kazini na mgongo unauma, na Machano anamwuliza swali lake la kila siku, "Umechoka?" Naye anajibu jibu lake la kila siku, "Sijachoka." Na Machano, bila kuinua macho kwenye sahani: "Muongo."

Mtu akabisha hodi. Kizingitini kukakohoa, kama mwenye nyumba anayekaribisha. Ngunguti akapita akiwa ameinua mguu juu sana, asimkanyage.

"Bi Sikudhani, pole tena."

"Nimeshapoa, Bwana Mgawaji. Kaa."

Hakukaa. Alivua koti, jambo ambalo hakuna aliyewahi kumwona akilifanya, na ndani ya koti alikuwa mtu mdogo. "Shika ufagio," alisema.

"Mimi ni mfiwa."

"Najua. Shika hivyo hivyo. Kichwani mpaka miguuni, miguuni mpaka mlangoni, pale anapokohoa. Mara moja tu. Halafu nitaita hesabu, atagawika kwa saba kama maji, utamzika kwa heshima na mafundi watakwenda zao. Mimi nitasema kwamba sikuona."

"Vumbi linahusiana nini na kugawika?"

Ngunguti akatazama mlango, akatazama dirisha. Kisha akasema kwa haraka, kama anayetema mfupa uliomkaa kooni muda mrefu.

"Hesabu ninayoiita, umeisikia mara ngapi? Inaanzia wapi? Wazazi wawili. Wazee wanne. Wanane. Hivyo hivyo hadi thelathini. Jumla yake inaishia na sita, na hiyo sita ni tamu, inagawika kwa mbili, kwa tatu, kwa saba, kwa tisa, kwa kumi na moja. Mji mzima umejengwa kuifuata. Lakini nimemsahau nani, Bi Sikudhani? Wazazi wa nani? Wazee wa nani?"

Nje, chapa, chapa, chapa.

"Yeye," alisema Sikudhani.

"Yeye. Moja. Ukimweka, jumla haiishii na sita, inaishia na saba. Arobaini na saba. Na hiyo," akashusha sauti, "hiyo haigawiki kwa kitu chochote. Si kwa mitaa yetu wala kwa mitaa ya mji mwingine wowote. Wahenga wa hesabu waliiita namba tasa, na mimi nasema walikosea, haikukosa kuzaa; imekataa kukatwa."

"Umejuaje kwamba kwa chochote? Umejaribu kwa vyote?"

"Nimejaribu." Akajifuta uso kwa koti. "Kwa baba yangu. Nilikuwa kijana, nina imani, nikamzuia mfagiaji wa wakati ule mlangoni. Nikagawa kichwani, kwa tatu, kwa tano, kwa saba, kumi na moja, kumi na tatu, bila kupumzika. Ule mchana mrefu wazee wanaousimulia, ni mimi. Nilikwenda mpaka elfu arobaini na sita, mia tatu na arobaini. Hapo nikaacha."

"Ulichoka."

"Sikuchoka. Hapakuwa na haja. Ukigawa kwa kikubwa kuliko hapo, jibu linakuwa dogo kuliko hapo, na vidogo vyote nilishavipita, kila kimoja kimenikatalia. Baba yangu alikuwa mzima kutoka upande wowote. Nikakaa chini. Kisha nikamwita mfagiaji."

"Na sasa yuko wapi?"

"Mtungi wa tatu kutoka dirishani. Hupiga chafya msimu wa maua."

Sikudhani alijitazama viganja. Aliwaona wote aliowafagia: yule bibi aliyeguna, yule bwana harusi aliyecheka, yule kichanga ambaye vumbi lake halikufika hata kujaza kijiko na bado lililia njia nzima mpaka mtungini. Alikuwa amewabeba wote kwenye kikapu, akafunga kifuniko vizuri vumbi lisimwagike. "Kwa hiyo hakuna aliyegawika," alisema. "Tangu mji uanze."

"Hakuna. Huwezi kuendesha mji kwa namba isiyogawika, mama. Nani atambeba? Jua litakwenda lini? Sisi tunatoa moja tu. Moja katika bilioni mbili! Hata unywele mmoja kichwani hutaujua ukidondoka. Huo si wizi. Ni unyoaji."

"Na hiyo moja ndiyo Machano."

Ngunguti akalikunja koti lake.

"Kuna njia nyingine," alisema, na sasa sauti yake ilikuwa ya mchuuzi anayefungua boksi la chini. "Badala ya kutoa, tuongeze. Ingia wewe. Machano mzima na wewe moja juu yake. Hapo inakuwa hesabu laini kuliko zote: nusu kwa nusu, kila nusu nayo nusu kwa nusu, mara thelathini na moja bila kigugumizi. Utalala hapo ubavuni mwake, sitawaumiza. Na mwisho wa kugawa itabaki moja."

"Nani?"

"Ndiyo hasara yake. Haitajulikana kama ni mume au mke. Itakuwa moja tu."

Alilifikiria hilo, wala msimcheke. Alimtazama Machano na kuona jinsi nafasi ilivyokuwepo upande wa ukutani, mahali pake pa siku zote, godoro limebonyea kwa umbo lake. Kukatwa pamoja naye mpaka hakuna wa kumwuliza mwenzake kitu. Hakuna atakayechoka, hakuna atakayedanganya. Ni mapumziko yanayofanana sana na penzi, na watu wengi wameyachukua kwa jina hilo. Akaweka goti moja kitandani. Kizingitini kukakohoa, kavu, na ile sehemu ya pili, ya kuomba radhi, haikuja.

Akatoa goti.

"Bwana Mgawaji. Kwa moja ulijaribu?"

"Kwa moja vipi?"

"Kwa mlango mmoja."

Ngunguti akacheka, kwa mara ya kwanza na kwa pua. "Moja si mgawo. Moja ni... Hakuna mtaa wa mlango mmoja."

"Mtaa wa milango mitano pia hakuna, na leo mmegawa kwa mitano. Mmegawa mpaka kwa mbuzi. Sheria inataka nini?"

"Mafungu yalingane, baki isiwepo."

"Fungu likiwa moja litalingana na nani?"

 Midomo ya Ngunguti ilikuwa inatembea, anagawa. Sikudhani aliona jibu likifika usoni mwake kama mtu anayeona nyoka kwenye kitanda alicholalia miaka.

"Namba hii ina njia mbili tu," alisema Mgawaji taratibu. "Ama iwe na milango mingi kama yenyewe, watu wote waliowahi kuwepo waje kila mtu achukue mmoja. Ama mlango mmoja uchukue wote." Akamshika mkono. "Hakuna mtu aliyebeba mtu mzima, Bi Sikudhani. Fungu moja tu kati ya saba, waliwahi kulipata wagonjwa wakaanguka. Utavunjika."

"Kwani nilikuwa naishi naye vipi?" alisema Sikudhani. "Kwa vipande?"

Alitoka mlangoni. Mafundi wakaacha kukanyaga, tope limewafika magotini. Mashavu alikuwepo, na Pandu na mbuzi wake waliobaki, na watu wa mitaa yote waliokuja kuona nyumba ikikandikwa, maana hata huzuni huvutia watu pakikosekana kitu kingine. Alisimama juu ya kizingiti, hapo hapo palipokuwa na moja, akageuza viganja juu.

"Ita," alimwambia Ngunguti.

Na Ngunguti, ambaye kinywa chake kilikuwa kimezoea sita, aliita kwa sauti iliyopasuka: "Bilioni mbili, milioni mia moja arobaini na saba, elfu mia nne themanini na tatu, mia sita arobaini na... saba. Kwa mlango mmoja."

Kwanza walikuja wa mbali, wale wa kizazi cha thelathini, zaidi ya bilioni peke yao, wakiwa na njaa za nchi ambazo hazipo tena na lugha zilizokauka. Walimwingia kama mvua inavyoingia kwenye mchanga. Kila kizazi kilichofuata kilikuwa nusu ya kilichotangulia na kizito maradufu, kwa sababu walikuwa wanakaribia kuwa na nyuso. Magoti yalipinda. Pandu aliruka kumshika, Mashavu akamvuta Pandu shati. Wakaja kumi na sita, wakaja wanane, wanne, wakaja mama mkwe na baba mkwe, wanagombana kama zamani. Mgongo wake ulilia kama boriti. Kisha pakawa kimya, na wa mwisho akapita juu ya kizingiti bila haraka, akiwa peke yake, na alikuwa mzito kuliko wote waliotangulia.

"Baki," alisema Ngunguti, na watu wote wakainamisha masikio kizingitini.

Hapakukohoa kitu.

"Baki hakuna."

Hawakuitika. Walikuwa wamezoea kuitika wakiwa na vitu viganjani. Jua likatikisika, likaanza kuteremka.

Alimzika mwenyewe. Aliingia, akainua mwili wa Machano mikononi kama unavyoinua nguo iliyoanikwa, akaubeba mpaka makaburini, yeye ndiye aliyekuwa akizama ardhini hadi vifundoni kwa kila hatua, na watu wakamfuata kwa mbali wakipita juu ya nyayo zake zilizojaa maji. Alipomaliza kufukia alikaa juu ya udongo, hakuweza kusimama. Vivuli vilikuwa vimeanza kurefuka. Watu wakatawanyika mmoja mmoja. Ngunguti alikuwa ameondoka mapema, koti begani, akitembea upande upande kama mtu anayekumbuka kwamba ameacha kitu jikoni.

Akabaki Mashavu. Alijipinda mpaka akakaa chini naye, jambo lililochukua muda.

"Shoga, umejitwisha nini hicho?"

"Mume wangu."

"Unamsikia?"

"Namsikia."

Mashavu akachuma jani, akalichana, akalichana tena. Sauti yake ilipokuja haikuwa ile ya mtaani. "Mama yangu nilipokea fungu lake. Viganja hivi hivi. Wewe ndiye uliyemfagilia, nakumbuka. Alikuwa mtu wa kucheka, kila mtu anasema hivyo, kwamba alikuwa akicheka. Mimi nina meno yake. Kicheko chenyewe sikikumbuki hata kidogo." Akainua macho. "Alikwenda wapi, Sikudhani?"

Kilimjia wazi: kikapu, kifuniko, kicheko kidogo chini ya kifuniko, mtungi wa kumi na nne. Aliwaza mitungi yote ile. Aliwaza mji, na jua, na kila mlango wa kila mtaa ukiwa na mtu mmoja mmoja wa kubebwa mzima, na migongo itakayovunjika. Alikuwa amechoka. Hakuna aliyepata kuchoka namna ile tangu uchovu uanze.

"Sijui, shoga," alisema.

Ndani yake mtu akakohoa, kavu, halafu laini. Na ile sauti, bila kuinua macho kwenye sahani:

"Muongo."

Sikudhani akaweka kiganja kimoja kwenye udongo wa kaburi, kingine kwenye bega la Mashavu, akasimama. Mfupa mmoja ulilia, akauacha ulie. "Nyanyuka twende kwa Ngunguti," alisema. "Nikuonyeshe mahali."

Na jua, ambalo lilikuwa limeshafika kwenye mapaa, likasimama.